Mafiga Sitini na Mawili

Mratibu alipotangaza kwamba kijiji kizima cha Nyamkurunge ni kaya moja, Bi Somoe Mketo alicheka mpaka akashika kiuno. Alicheka peke yake. Wenzake waliokuwa wamezunguka masufuria walimkodolea macho Tabia Kindamba, mhakiki wa misaada aliyeteremka na kishada, chombo cha angani kisicho na rubani, dakika kumi tu zilizopita, wakingoja aseme kwamba mashine imekosea.

"Rudia," Tabia aliiambia bangili iliyokuwa mkononi mwake.

"Nyamkurunge," ilijibu sauti ya Mratibu, ile mashine iliyogawa misaada, sauti ya upole ambayo watu wa bonde la Rufiji waliizoea kuliko sauti za viongozi wao. "Kaya moja. Watu mia tatu na kumi na wawili. Wote wapo, hakuna aliyepotea. Mgawo ni nyumba moja, gunia moja la mbegu ya mpunga na vyandarua vitatu. Mzigo utafika kesho."

"Vyandarua vitatu!" Bi Somoe alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Haya jamani, tujipange, watu mia kwa chandarua. Mwenyekiti tumweke katikati, jasho lake litatufukuzia mbu."

Mwenyekiti Ngwele, mtu mfupi ambaye shati lake lilikuwa limeganda tope mpaka likasimama lenyewe, hakuona cha kuchekesha. "Mama mhakiki, hapa pana nyumba sitini na moja. Nazijua moja moja, na wenyewe nawajua."

Siku hizo nyumba zenyewe zilikuwa zimebaki kichwani mwake tu. Siku tisa nyuma mto ulipanda kwa muda wa saa nne, ukazing'oa zote, ukaondoka nazo na mbuzi wao na milango yao. Watu walikimbilia mwinuko wa shule, na hapo ndipo Tabia alipowakuta, kwenye ardhi kavu isiyozidi kiwanja cha mpira. Chini yao kulikuwa na tope jeusi lililonona, tope ambalo mwaka mwingine wangelishangilia, maana ndilo la kilimo cha mlau, mazao yanayopandwa maji yanapojitoa. Mwaka huu hakuna aliyelitazama mara mbili. Wimbi la pili, maji ya mvua za nyanda za juu, lilikuwa njiani. Lingefika baada ya siku nane, na vipimo vya Mratibu vilionyesha kwamba safari hii hata mwinuko wa shule utazama. Vyombo vya kuwahamisha watu wote hao havikuwepo popote mtoni.

Kilichokuwepo ni kokwa. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya zama zile. Kokwa ilikuwa na ukubwa wa nazi iliyofuliwa, na uzito wa mtoto mchanga. Unaifukia kwenye tope bichi, inakunywa maji na udongo siku nzima, kesho yake inatoa miguu minne ya nyuzi ngumu kuliko mwanzi, na siku ya sita una nyumba iliyosimama juu, yenye sakafu, kuta na paa, na mto unaweza kupita chini yake upendavyo. Nyumba moja ilitosha watu sita, saba wakibanana. Tabia alizipiga hesabu hizo haraka, akaona kwamba Nyamkurunge imebakiwa na siku mbili za kubishana.

"Mratibu hahesabu paa," aliwaeleza. "Mafuriko yakipita hakuna paa. Anahesabu mioto. Wanaokula kutoka moto mmoja ni kaya moja."

Aliposema hivyo aligeuka, akatazama mwinuko wote kutoka upande huu mpaka ule. Watu mia tatu na kumi na wawili, na moshi mmoja. Ulitoka kwenye handaki refu lililochimbwa mbele ya darasa la kwanza, masufuria yakiwa yamepangwa juu yake kwa mstari, wanawake wakikoroga pande zote mbili.

"Kwa nini mnapika pamoja?" aliuliza.

Bi Somoe alimtazama kwa namna ya mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Kwani kwenu maji yakiingia mnafanyaje? Hapa kwetu hakuna anayewasha moto wake mpaka kila nyumba iwe na pa kuwashia. Ukiwasha wako peke yako, mwenzio hana hata pa kuinjika sufuria, huo ni ushenzi. Bibi yangu alimkuta mwanamke amewasha, wakamzomea miaka mitatu."

"Basi uungwana wenu ndio umewaponza," alisema Tabia, na moyo ukamuuma kusema hivyo.

*

Mwenyekiti Ngwele alikuwa na dawa. Macho ya Mratibu yalikuwa yakipita juu ya bonde kila siku saa kumi alasiri. Basi saa tisa na nusu kila nyumba iwashe moto wake mdogo, kuni mbichi zikitoa moshi wa kutosha, macho yapite, yahesabu sitini na moja, kisha watu wazime warudi kwenye masufuria yao. Saa moja tu. Nani angeumia?

Vijana walikwisha kuanza kukusanya kuni Bi Somoe aliposimama katikati ya njia na upawa mkononi.

"Mwenyekiti. Mwanangu Zubeda ana pa kuwashia?"

"Bi Somoe, hilo ni jambo jingine kabisa."

"Nimekuuliza. Anapo?"

Watu walianza kutazama chini, na Tabia alilazimika kumvuta Mwenyekiti pembeni ili aelezwe. Zubeda, binti wa pekee wa Bi Somoe, alikuwa shambani siku ile, yeye na mumewe Mtoro na watoto wawili. Walikuwa kwenye dungu lao, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo Warufiji hulala msimu mzima wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yalipotulia mitumbwi ilikwenda mara mbili kuwatafuta. Mahali pa dungu hapakuwa na hata nguzo moja. Siku ya saba wazee walitaka kuweka matanga, na mama akawafukuza kwa upawa huo huo.

"Lakini Mratibu amesema hakuna aliyepotea," Tabia alinong'ona.

"Si amesema sisi ni nyumba moja yenye watu mia tatu na kumi na wawili? Kawahesabu waliopo hapa, wametimia." Mwenyekiti alijifuta uso. "Nimewaambia wa wilayani siku ya pili. Wakasema nijaze fomu kwa Mratibu. Mratibu akaniuliza ni kaya ipi iliyopungua."

Ile mioto haikuwashwa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyekubali kumpita Bi Somoe. Ndipo Mwenyekiti alipomgeukia Tabia kwa upole, na upole wake ulimtisha kuliko kama angefoka.

"Basi sema wewe, mama. Sauti yako si inaaminiwa? Sema tu umeona mioto sitini na moja."

Ilikuwa kweli. Mratibu aliwaamini wahakiki wachache sana kwa neno tupu, na Tabia alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na moja hakusema jambo lisilokuwepo. Na alikuwa na sababu zake. Akiwa na miaka tisa, kabla Mratibu hajaanza kazi, misaada ilikuwa ikipitia mikononi mwa watu, na vijiji visivyokuwepo vilipata mahema mazuri kuliko vilivyokuwepo. Mchele wa msaada ulipikwa kwenye harusi ya mtu mjini wakati mama yake akiwachemshia watoto mlenda bila chumvi. Mashine hii ilikuja kukomesha hayo na ikayakomesha. Hakuna gunia lililopotea tangu siku hiyo. Uongo mmoja wa mhakiki ungemtia Mratibu shaka na bonde zima, na vijiji vyote vya chini ya mto vingesubiri ukaguzi huku maji yakija.

Lakini mbele yake walikuwa watoto wamekaa juu ya madawati yaliyovunjika wakila uji. Tabia aliona hasira imempanda, hasira juu ya mashine aliyoipenda.

"Mratibu," alisema. "Naweka pingamizi. Kipimo chako cha moto hakifai hapa."

"Pingamizi limepokelewa," sauti ilijibu. "Nakukumbusha masharti. Lete ushahidi wa kitu kisichoweza kutengenezwa leo. Ushahidi huo na sauti yako vikitofautiana, pingamizi huanguka, na sauti yako haitapokelewa tena. Muda ni mpaka kesho saa sita mchana."

Mwenyekiti alikuna kichwa. "Sasa hapo umetusaidia au umejichongea?"

"Sijui," Tabia alimjibu, na alikuwa anasema kweli.

*

Asubuhi yake alikuwa amekwisha kujaribu kila kitu. Majina ya watu, Mratibu aliyakataa, majina hutungwa. Mahali nyumba zilipokuwa, picha za zamani zilionyesha miti tu, kwa sababu Nyamkurunge ilijengwa chini ya mikorosho. Saa nne ilipofika alijitupa kwenye ukingo wa handaki la moto, amechoka, na Bi Somoe akamtia mwiko mkononi.

"Hapa hakai mtu bure. Koroga."

Akakoroga. Sufuria lilikuwa zito na aliogopa litapinduka, akainama kutazama lilipokalia. Lilikalia jiwe. La pili yake pia lilikalia jiwe. Handaki lote lilikuwa limezungushiwa mawe kwa pande zote mbili, mawe meusi, makubwa kwa madogo, hakuna mawili yaliyolingana.

Tabia alikuwa mtoto wa bonde lile. Alijua kwamba kwenye tope la Rufiji unaweza kuchimba kisima cha futi arobaini usikutane na jiwe la kumpigia kunguru.

"Bi Somoe, haya mawe yametoka wapi?"

"Mawe gani? Hayo mafiga. Yanatoka kwenye vilima vya Umatumbi, kila bibi harusi anapewa matatu na mama yake. Mama naye alipewa na wa kwake. Maji yakija unaacha kitanda, unaacha sufuria, unakimbia na figa moja. Ukilipoteza utapikia wapi? Kisha kila nyumba inaweka lake hapa, moto unakuwa wa wote." Aliinua mdomo kuelekea ng'ambo ya moshi. "Yule pale alimsahau mumewe akakumbuka figa."

"Alikuwa anakoroma," alijitetea yule mwanamke, na wenzake wakaangua kicheko.

Tabia hakucheka. Alifungua mkoba wake haraka. Alitoa kifaa cha kupimia maji ya visima, kirungu kifupi ambacho wahakiki wote walikiita pua. Pua ilinusa sumu ndani ya maji, lakini ilinusa chochote, na ilijua tabaka za kitu kama mtu anavyojua kurasa za daftari. Aliikwangua kidogo kwenye masizi ya figa la kwanza, akaiambia bangili isikilize.

"Masizi," alisema Mratibu. "Tabaka za miaka arobaini na minne. Kuni za mkole. Mafuta ya nazi, ukwaju, kambale wa kukaushwa, bizari kidogo."

"Bizari kidogo!" mwenye figa alichukia. "Mimi natia bizari ya kutosha."

"Sasa hili la pili."

"Miaka kumi na tisa. Kuni za mkorosho. Mafuta ya ufuta. Perege. Hakuna ukwaju. Jiko tofauti."

Habari ilienea mwinuko mzima kwa kasi ya moto wenyewe. Watu walijaa pande zote wakisikiliza mashine ikisoma jikoni mwao. Jiko la tisa lilikuwa limeunguza wali mara nyingi mno. Jiko la ishirini na mbili lilipika maharage siku zote za mwaka, na mume wa jiko hilo akatamka kwa sauti kwamba sasa Mungu amemletea shahidi. Jiko la thelathini na nne lilikuwa la Mwenyekiti.

"Miaka ishirini na sita," alisema Mratibu. "Mafuta ya kiboko."

Watu wote walimgeukia Mwenyekiti. Kiboko haruhusiwi kuguswa.

"Yalikuwa ya dawa ya mgongo," alisema Mwenyekiti Ngwele.

"Kwa tabaka kumi na moja," aliongeza Mratibu, na mama mmoja ilibidi ashikwe asitumbukie handakini kwa kucheka.

Waliendelea. Hamsini. Hamsini na tano. Tabia hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi namna ile kazini. Kila figa lilikuwa jiko la watu waliokula, waliogombana, waliozaa, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuyatengeneza masizi yale kwa asubuhi moja. Sitini. Sitini na moja. Watu walianza kupiga makofi.

Halafu pua ikafika mwisho wa mstari, na pale palikuwa na figa jingine.

*

Lilikuwa dogo kuliko mengine, lenye pembe, limewekwa kando ya la Bi Somoe. Tabia alikuwa amekwisha kulikwangua kabla hajafikiri.

"Miaka minane," alisema Mratibu. "Mafuta ya nazi, pilipili nyingi, maziwa ya mtoto yaliyomwagika. Jiko tofauti. Jumla, majiko sitini na mawili. Hayakutengenezwa leo. Ushahidi unafaa. Tabia Kindamba, thibitisha kwa sauti kwamba Nyamkurunge ina kaya sitini na mbili."

Saa tano na robo. Makofi yalikatika.

Hakuna aliyehitaji kumwambia lilikuwa la nani. Bi Somoe alikuwa ametoka mafurikoni akiwa na mafiga mawili kifuani, lake na la binti yake, kwa sababu Zubeda alipokwenda shambani alimwachia mama nyumba. Na tangu hapo alikuwa akipika juu yake kila siku.

"Sema ndiyo," Mwenyekiti alinong'ona. "Ametaja mwenyewe. Wewe hukumdanganya."

Tabia alimtazama Bi Somoe. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wa mama yule haukuwa na utani hata chembe.

"Sema ndiyo, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Jana nilikataa mioto ya uongo. Hili si la uongo. Hili jiko lipo. Ukisema halipo, umenizikia mtoto mbele ya watu wote hawa."

Tabia alitaka kusema ndiyo. Alitaka kwa moyo wake wote. Neno lilikuwa dogo, lingewapa nyumba wote, lingemwacha mama na tumaini lake, na asingepatikana mtu wa kulipinga. Lakini nyumba ya sitini na mbili ingeota kwenye tope bila mtu ndani yake, na yeye ndiye angekuwa ameiotesha. Na akisema sitini na moja, ushahidi na sauti vingetofautiana. Watu mia tatu na kumi na wawili wangebaki na kokwa moja. Alijikuta amelishika lile figa kwa mikono miwili, bado lina moto, na hakuliachia.

"Mratibu," alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Andika ninavyosema. Majiko ni sitini na mawili. Kaya zilizopo hapa ni sitini na moja. Jiko la mwisho ni la Zubeda binti Somoe, mumewe Mtoro, na watoto wao Shani na Kassimu. Walikuwa shambani maji yalipokuja. Hapa hawapo. Hatujui walipo."

Bi Somoe alijifunika uso kwa khanga. Mwenyekiti alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Ushahidi na sauti vimetofautiana," alisema Mratibu.

"Najua."

"Fafanua neno la mwisho. Hatujui."

"Maana yake hatujui! Sijasema wapo, sijasema wamekufa. Nimesema hatujui walipo."

"Kwenye orodha yangu pana mahali pa waliopo na mahali pa waliokufa. Sina mahali pa jibu hilo."

Bi Somoe alifunua uso. Alikuja mpaka kwenye bangili, akaukamata mkono wa Tabia, akaongea nayo jinsi anavyoongea na mkwe mzembe. "Sikiliza wewe. Una macho angani, unajua mpaka nani kala kiboko. Leo unakosa mahali pa kumwandika mwanangu? Patengeneze! Uniandikie hivyo hivyo alivyosema huyu, kwamba hajulikani alipo. Hilo nalikubali. Hilo ni kweli."

Aliposema *ni kweli* machozi yalimtoka, na Tabia akamshika bega, wote wawili wakilia mbele ya kijiji bila kuona haya.

Bangili ilikaa kimya. Katika miaka kumi na moja Tabia hakuwahi kuisikia ikinyamaza zaidi ya pumzi moja. Safari hii watoto walianza kuulizana kama imekufa.

"Nimepatengeneza," alisema Mratibu. "Tabia Kindamba, nimepokea taarifa za wahakiki elfu nne tangu nianze kazi. Waliodanganya wote waliongeza. Wewe umepunguza idadi ambayo nilikuwa nimekwisha kukubali, na umepunguza ukijua hasara yake. Kanuni yangu haikulijua jambo hilo, kwa hiyo nairekebisha kanuni. Pingamizi limekubaliwa. Nyamkurunge ni kaya sitini na moja. Kokwa sitini na moja zinapakiwa sasa hivi, zitafika saa tisa."

Vigelegele vilipanda. Mwenyekiti alirukaruka na lile shati lake gumu, watu wakakumbatiana na tope lao, masufuria yakagongwa kwa miko. Katikati ya kelele zote hizo Tabia alisikia kwamba bangili bado inasema.

"Nyamazeni!" alipiga ukelele. "Nyamazeni, anasema!"

"...mahali papya," alikuwa akisema Mratibu. "Nilipopatengeneza nilitafuta nani mwingine wa kumweka hapo. Nina jiko moja lisilo na watu. Nina pia watu wasio na kijiji. Kilomita kumi na tisa chini ya mto, katikati ya maji, kuna dungu la shamba la watu wengine. Moto mmoja, miili minne, miwili kati yake midogo. Niliwaandika kuwa kaya iliyokamilika, kwa kuwa ina moto wake, na haihitaji chochote. Nimetazama tena picha za siku tisa. Siku ya kwanza dungu hilo lilikuwa na kuta nne. Juzi lilikuwa na ukuta mmoja. Jana lilikuwa na sakafu na paa nusu."

"Wanachoma kuta," alisema Tabia taratibu.

"Ndiyo. Nilikuwa nimeandika kwamba wanafanya ukarabati."

Bi Somoe hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ndogo. "Hao wadogo. Mmoja anachechemea?"

Mratibu alizirudia picha. "Mmoja huinua mguu wa kulia kuliko wa kushoto."

"Shani," alisema bibi yake.

*

Kishada kilichokuwa karibu zaidi ni kile kilichokuwa kinaleta nyumba moja, gunia moja na vyandarua vitatu. Mratibu alikiamuru kitue mzigo wake kwenye kichuguu cha kwanza kilichoonekana, kigeuze.

Nyamkurunge haikukaa kusubiri. Kwanza, hakuna aliyeweza kukaa. Waliteremka topeni wote, wazee kwa watoto, wakaanza kuchimba mashimo ya kokwa kwa majembe, kwa vipande vya madawati, kwa mikono. Mwenyekiti Ngwele alipima hatua na kugawa viwanja kwa majina, aliyakumbuka yote sitini na moja kama alivyojisifu, na alipofika mwisho akapima kingine kando ya cha Bi Somoe bila kuulizwa na mtu. Tabia alivua viatu akachimba nao. Mratibu alimwita mara moja tu.

"Vijiji kumi na vinne juu ya mto vina moto mmoja mmoja," alisema. "Nilidhani ni kaya kubwa. Niwaulize kuhusu mawe?"

"Waulize," Tabia alimjibu, tope limemfika magotini. "Na uwaulize nani hayupo."

Saa nane na nusu walikisikia. Kilikuja chini chini juu ya maji, kizito, kikiyumba, wavu wa mizigo ukining'inia tumboni mwake, na ndani ya wavu kulikuwa na watu. Watu wa Nyamkurunge waliacha majembe wakapanda mwinuko mbio. Mtoro alitoka kwanza, mifupa mitupu, akainua watoto mmoja mmoja. Zubeda alitoka mwisho akiwa amejifunga gunia, nywele zimejaa majivu, midomo imepasuka, na akasimama akiyumba kama mtu aliyeshuka kitandani baada ya homa ndefu.

Bi Somoe alikuwa amejiapiza siku tisa zile kwamba atasema nini siku hiyo, na kila mtu alijua, kwa maana aliwahi kuwasomea. Aliyasahau yote. Alimchukua binti yake kifuani kama alivyokuwa, akamshika kisogo, akambembea huku na huku, na wanawake waliowazunguka wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Shani alikuwa ameshamchechemelea bibi yake kiunoni na kung'ang'ania khanga.

Tabia alisubiri. Alitaka kuwaona wote wanne wamesimama kwenye ardhi kavu kwa miguu yao wenyewe, na alipowaona aliwahesabu, kisha akawahesabu tena kwa ajili ya raha tu. Ndipo alipoinua mkono wenye bangili.

"Mratibu. Hapa Tabia Kindamba, kijiji cha Nyamkurunge. Andika kaya sitini na mbili."

"Ushahidi?" aliuliza Mratibu.

Tabia alitazama tope lililomkauka mikononi, akawatazama wale wanne, akacheka kwa sauti mbele ya watu wote.

"Nimewaona kwa macho yangu," alisema.

"Imeandikwa," alijibu Mratibu, na juu ya maji, upande wa jua, vishada vya kokwa vikaanza kuonekana.